Liyongo kitovu, Achilles kisigino, Siegfried mgongo: nani alimwambia nani?

Mdadisi77 (#1)
Wakuu, salama? Naomba wajuvi wa visasili mnisaidie, maana swali hili limegoma kunitoka kichwani.

Fumo Liyongo hakufa kwa mkuki wala kwa mshale. Sultani wa Pate alijaribu kila hila ikashindikana. Hata siku ile ya kikoa cha makoma, walipopanga kumlenga mishale akishapanda juu ya mkoma, hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini, watu wakabaki wanatazamana. Kilichommaliza ni sindano ya shaba kitovuni, tena mkononi mwa mwanawe wa kumzaa.

Sasa tazama wengine. Achilles wa Wagiriki: mwili wote hauingii silaha, kasoro kisigino. Siegfried wa Wajerumani: alioga damu ya joka ngozi ikawa ngumu kama pembe, ila jani la mti lilimdondokea katikati ya mabega, pale damu haikugusa. Esfandiyar wa Waajemi: macho. Balder wa Skandinavia: kila kitu duniani kiliapa kutomdhuru isipokuwa kimmea kimoja. Samson: nywele.

Hawa watunzi hawakukaa baraza moja. Nani alimwambia nani? Au kila mtu alitunga kivyake, wakajikuta wamefika pamoja? Mimi naamini kipo chanzo kimoja kilichopotea. Nipingeni kwa hoja, si kwa kejeli.

Chui Mpole (#2)
Naweka kambi hapa. Nyuzi za namna hii zimeadimika.

Nahodha Mstaafu (#3)
Mbona jibu liko wazi? Bahari. Majahazi ya Ghuba ya Uajemi yamekuwa yakitia nanga pwani ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mshairi wa Uajemi, Ferdowsi, alimaliza utenzi wake wa Shahnameh mnamo mwaka 1010, na mengi aliyoyaandika yalikuwa yakisimuliwa kabla yake. Mabaharia walikuja na kaskazi, wakakaa miezi wakisubiri kusi. Jioni wangefanya nini kama si kusimuliana? Esfandiyar akapata jina jipya, jicho likahamia kitovuni. Kazi imekwisha, funga uzi.

Shangazi Mkali (#4)
Nahodha, taratibu baba. Luanda Magere utamweka kwenye jahazi gani? Huyo ni shujaa wa Wajaluo, huko bara. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ilimdunda. Maadui zake wa Lang'o wakampa binti yao awe mke. Siku moja akaugua, akamwambia mkewe amchanje dawa, lakini asimchanje mwilini, achanje kivuli chake. Mke akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku huohuo akatorokea kwao na habari. Vita vilivyofuata hawakuulenga mwili tena, walikichoma mkuki kivuli.

Bibi yangu alikuwa akifika hapo kwenye kuchanja anapunguza sauti kabisa, halafu anatutazama mmoja mmoja kana kwamba sisi ndio tungeenda kusema. Sidhani kama aliwahi kusikia jina la Ferdowsi.

Kalamu Kavu (#5)
Ongezeni Soumaoro Kanté, mfalme wa Sosso aliyepigana na Sundiata karne ya 13. Vita vya Kirina huwekwa mnamo 1235. Masimulizi ya Wamandinka yanasema chuma hakikumwingia. Siri yake ilikuwa kipi cha jogoo mweupe. Dada yake Sundiata, Nana Triban, alikuwa ameozwa kwa Soumaoro, akaitoa hiyo siri taratibu mpaka akaipata yote. Sundiata akafunga kipi kwenye ncha ya mshale. Mshale wenyewe ulimkwaruza tu, nguvu zikamwishia palepale.

Kwa hiyo tuna pwani, ziwani, na Afrika Magharibi. Nahodha aongeze majahazi.

Mzamiaji (#6)
Kabla hamjaenda mbali: Achilles wa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, hana hicho kisigino.

Soma utenzi wake wa Iliad wote, vitabu 24. Hakuna mahali panaposema mwili wake hauingii silaha. Tena kitabu cha 21 anapigana mtoni na Asteropaios, jamaa aliyerusha mikuki kwa mikono yote miwili. Mmoja uligonga ngao, wa pili ukamparuza Achilles mkono wa kulia, damu nyeusi ikaruka. Halafu muulize mtu: shujaa asiyepenywa na silaha anavaa deraya ya nini? Na Achilles hakuvaa tu, alisubiri mungu mhunzi amtengenezee mpya ndipo arudi vitani.

Ile ya mama yake kumchovya katika mto Styx akiwa amemshika kisigino, wa kwanza tuliyenaye kuiandika ni mshairi wa Roma, Statius, karne ya 1 BK. Kati yake na Homer kuna takriban miaka mia nane. Kabla ya hapo kulikuwa na simulizi nyingine: mama alikuwa akimweka mtoto motoni usiku ili kuuchoma upande wake wa kibinadamu, baba akashtuka akapiga kelele, mama akasusa akarudi baharini. Humo kisigino hakitajwi.

Kwa hiyo mleta mada unalinganisha vitu vya umri tofauti kabisa kana kwamba vilizaliwa siku moja.

Mdadisi77 (#7)
Mzamiaji, Homer kutokusema si ushahidi kwamba watu hawakujua. Hata kifo chenyewe cha Achilles hakimo kwenye Iliad, inaishia kwenye maziko ya Hektor. Utasema hakufa?

Mzamiaji (#8)
Hoja nzuri, nakupa nusu. Upo mtungi wa karne ya 6 KK, siku hizi umepotea na kubaki mchoro wake, unaomwonyesha Achilles amelala na mshale mguuni. Kwa hiyo mguu ni wa zamani. Lakini mguu kupigwa mshale ni jambo moja, na mwili mzima kutopenyeka ni jambo jingine. Katika Iliad hiyohiyo, kitabu cha 11, Paris wa Troya anampiga Diomedes mshale wa mguu, na Diomedes anamtukana kisha anaendelea na maisha.

Ukitaka Mgiriki halisi wa aina hii, mchukue Talos, lile jitu la shaba lililolinda kisiwa cha Krete. Lilikuwa na mshipa mmoja tu, na mwisho wa mshipa ulikuwa kifundoni. Mchawi Medea akaliroga, likajikwaruza kifundo kwenye jiwe, uhai ukavuja kama risasi iliyoyeyuka. Nashuku Talos alimwazima Achilles mguu wake, ila siwezi kulithibitisha hilo.

Kipanga (#9)
Mmenikumbusha Superman. Alianza kuchapishwa 1938 bila kryptonite. Hilo jiwe la kumlegeza liliingia kupitia kipindi cha redio mwaka 1943, vitabu vya katuni vikalichukua baadaye, 1949. Yaani hata yeye alitembea miaka mitano bila kisigino.

Msomi Njaa (#10)
Kipanga umetania lakini umegusa penyewe. Mimi sihitaji chanzo kimoja wala jahazi. Ni kazi ya usimulizi yenyewe.

Kila msimulizi anaongeza chumvi kidogo. Wa kwanza anasema shujaa alikuwa hodari. Wa pili, alikuwa hashindiki. Wa tatu, hauawi. Sasa wa nne ana tatizo: wasikilizaji wanajua kwamba shujaa amekufa, wengine hata wanaonyeshwa kaburi lake. Liyongo anatajiwa kaburi huko Ozi. Utafanyaje? Unatoboa tundu dogo kwenye huo mwili ili kifo kipate pa kuingilia. Kila jamii yenye wasimulizi hodari itafika hapo bila kuambizana. Ndiyo maana tundu linachelewa kuonekana, kwa Achilles baada ya karne nane, kwa Superman baada ya miaka mitano. Duryodhana wa Mahabharata, utenzi wa Wahindi, vilevile. Ile simulizi kwamba mama yake alimtazama mwili mzima ukawa chuma isipokuwa mapaja ni ya baadaye. Katika utenzi wenyewe adui yake Bhima anampiga rungu la paja kwa sababu alikwisha kula kiapo, na watu wanalalamika kwamba kupiga chini ya kiuno ni kuvunja sheria ya mapigano.

Binti Ndovu (#11)
Msomi Njaa, ingekuwa shida ni kupata mwisho tu, ziko njia tele: augue, azame, azeeke, ang'atwe na nyoka. Kwa nini kila mara ni kitu kidogo na dhaifu? Sindano. Jani. Kipi cha jogoo. Kimmea ambacho Frigg, mama yake Balder, hakukiapisha kwa sababu alikiona bado kichanga mno. Hapo kuna zaidi ya ufundi wa kumaliza hadithi.

Mwanaanthropolojia James Frazer alisema suala si mwili. Uhai wa mtu umehifadhiwa nje yake, na atakayekifikia hicho chombo amemfikia mwenyewe. Angalia Koschei wa Warusi, yule asiyekufa: kifo chake kipo kwenye ncha ya sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya sanduku, sanduku chini ya mwaloni, mwaloni kisiwani. SINDANO wakuu. Na Misri ya kale kuna Bata, kijana aliyetoa moyo wake akauweka juu ya ua la mti. Mti ukakatwa, akaanguka. Mafunjo yenye hadithi hiyo ni ya karne ya 13 au ya 12 KK, yako British Museum. Luanda Magere na kivuli chake anakaa hapo vizuri kuliko karibu na Achilles.

Kalamu Kavu (#12)
Binti Ndovu, kwenye Balder uwe mwangalifu. Hicho kimmea ni cha Snorri wa Iceland, aliyeandika mnamo 1220. Saxo wa Denmark, aliyeandika miaka michache kabla yake, anamtaja Balder huyohuyo akiuawa kwa upanga maalumu, na hakuna kimmea chochote. Frazer alijenga jumba kubwa sana juu ya toleo moja.

Chui Mpole (#13)
Kwa hiyo mpaka sasa Achilles hana kisigino, Balder hana mmea, Duryodhana hana mapaja. Tukifika #50 Samson atakuwa na kipara.

Shangazi Mkali (#14)
😂 Chui acha.

Wanaume mmeng'ang'ania kitovu na kisigino, hamtazami aliyesema. Hebu rudini orodha yenu yote. Liyongo: mwanawe, aliyeahidiwa uwaziri na binti wa Sultani. Luanda Magere: mkewe. Soumaoro: mkewe. Samson: Delila, ambaye wakuu wa Wafilisti walimwahidi vipande 1,100 vya fedha kila mmoja wao. Koschei: yule binti aliyemteka. Nisos mfalme wa Megara, aliyekuwa na unywele mmoja mwekundu uliobeba uhai wake: bintiye mwenyewe aliukata.

Na Siegfried ndiye anayeniumiza zaidi. Mkewe Kriemhild hakumsaliti. Alimwogopea. Hagen alimjia akijifanya atamlinda mumewe vitani, akamwuliza mahali penye hatari ni wapi. Kriemhild akachukua uzi wa hariri, akashona kimsalaba juu ya nguo, palepale jani lilipoangukia. Akamtengenezea muuaji shabaha kwa mkono wake akidhani anamkinga. Siegfried alipoinama kunywa maji kwenye chemchemi, Hagen akalenga msalaba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Shujaa ambaye adui wa nje hamuwezi anahitaji adui wa ndani, na adui wa ndani anahitaji siri ya kuuza. Kitovu kimewekwa pale ili mwana apate cha kuuza. Tukio ni usaliti, sehemu ya mwili ni kisingizio.

Mzamiaji (#15)
Shangazi hapo umenibana. Hata wale waliotengeneza faharasa za ngano waliyatenga. Stith Thompson, katika juzuu zake za miaka ya 1930 na toleo lililoongezwa la 1955 hadi 1958, anaweka mwili wenye sehemu moja dhaifu chini ya Z311, uhai uliohifadhiwa nje ya mwili chini ya E710, na siri ya nguvu kutolewa kwa hila chini ya K975. Ni vitu vitatu tofauti. Tatizo la uzi huu tunavichanganya.

Ila Esfandiyar anakataa nadharia yako. Siri ya macho yake haikutolewa na mke wala mtoto. Rostam, shujaa aliyepigana naye, alipojeruhiwa akaelemewa, baba yake alichoma unyoya wa ndege Simurgh, ndege akaja, akamponya Rostam majeraha, akamwonyesha mti wa kutengenezea mshale wenye ncha mbili, akamwambia lenga macho. Tena akamwonya kwamba atakayemuua Esfandiyar hatapata raha. Hapo hakuna msaliti.

Shangazi Mkali (#16)
Na aliyempeleka Esfandiyar kwa Rostam ni nani? Baba yake, mfalme Goshtasp, ambaye alikwisha kutabiriwa kwamba mwanawe atafia mkononi mwa Rostam. Alimtuma akijua, ili asimpe kiti. Usiniambie hakuna msaliti.

Mzamiaji (#17)
Nimenyamaza kwanza.

Nahodha Mstaafu (#18)
Mmecheka jahazi, sasa sikilizeni. Kati ya Ugiriki na Uajemi kuna milima ya Kaukazi. Waoseti na majirani zao wana masimulizi ya mashujaa waitwao Wanarti. Mmoja wao ni Soslan. Ili awe mgumu, aliwekwa kwenye chombo cha mbao akazamishwa maziwa ya mbwa mwitu jike. Syrdon, yule mjanja mwovu, akafanya hila chombo kikawa kifupi. Soslan akakunja magoti, magoti yakabaki juu ya maziwa. Mwili wote chuma cha pua, magoti nyama. Akafa kwa gurudumu la Balsag lililomkata miguu magotini.

Mtoto kuzamishwa kwenye majimaji ya ajabu na sehemu ya mguu kubaki nje. Ni Achilles yuleyule wa Statius. Na lugha ya Waoseti ni ndugu ya Kiajemi, mababu zao walizunguka nyika zote za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ambako Wagiriki walikuwa na makoloni ya biashara. Hii si bahati nasibu. Watu waligusana, hadithi zikapita. Luanda Magere muacheni pembeni, lakini msiniambie kila kitu kilijizukia.

Mdadisi77 (#19)
Asante Nahodha! Hicho ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

Msomi Njaa (#20)
Hapana, ulisema chanzo kimoja cha wote. Nahodha anasema majirani waliazimana. Ni maili nyingi kati ya hayo mawili. Tena masimulizi ya Wanarti yalikusanywa na kuandikwa karne ya 19 na ya 20. Nani atakuhakikishia kwamba si Statius aliyefika Kaukazi, badala ya Kaukazi kufika Roma?

Mgeni Njoo (#21)
Nimechelewa, hodi. Mna aina nyingine hamjaigusa: wasiouawa kwa masharti. Hawana sehemu ya mwili, wana kanuni.

Hiranyakashipu wa Wahindi aliomba asiuawe mchana wala usiku, ndani wala nje, na mtu wala mnyama, kwa silaha yoyote. Mungu Vishnu akamjia kwa umbo la nusu mtu nusu simba, jioni jua likizama, akamvuta kwenye kizingiti cha mlango, akamlaza mapajani, akamrarua kwa kucha. Kila sharti limetimizwa na mtu amekufa.

Nenda Wales. Lleu hauawi ndani ya nyumba wala nje, akiwa kwa miguu wala juu ya farasi. Ni lazima awe ukingoni mwa mto, kwenye beseni la kuogea lililoezekwa, mguu mmoja kwenye ukingo wa beseni na mwingine juu ya mgongo wa mbuzi. Na mkuki wa kumuulia uwe umefuliwa mwaka mzima, kwa saa za misa ya Jumapili tu. Mkewe akamwambia, hebu nionyeshe mume wangu, nisije nikasahau. Naye akapanda juu ya mbuzi kumwonyesha!

Wenye nadharia ya Waindo-Ulaya watasema ni urithi wa babu mmoja wa Wales na India, maana Rigveda, andiko takatifu la kale la Wahindi, nayo inamtaja mungu Indra akimuua pepo Namuchi kwa povu la maji, na maandiko yaliyofuata yanaeleza kwamba ilikuwa wakati usio usiku wala mchana, kwa kitu kisicho kikavu wala kibichi. Mimi naona ni mchezo wa kisheria. Watu wote wanapenda kumwona mwenye mkataba akinaswa na mkataba wake.

Kipanga (#22)
Huyo Lleu alistahili. Mtu mzima unapanda mbuzi kumwelekeza mkeo jinsi ya kukuua.

Kalamu Kavu (#23)
Mdadisi, chanzo kimoja chako kina watetezi, ila ujue gharama yake. Yuri Berezkin wa Urusi amekusanya makumi ya maelfu ya simulizi za dunia akaziweka kwa mafungu ya vipengele, uone kipi kipo wapi na wapi hakipo. Julien d'Huy wa Ufaransa anachukua vipengele vya aina hiyo na kuvipigia hesabu za kibiolojia, zile za kuchora miti ya ukoo wa viumbe. Simulizi ya mnyama anayewindwa mpaka akageuka nyota imeenea kaskazini mwa Asia na Amerika Kaskazini, na yeye anadai ilivuka pale kwenye Bering, kati ya Asia na Amerika, wakati bado kuna nchi kavu, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Kilimia kwa Wagiriki ni mabinti saba, na kwa jamii nyingi za wenyeji wa Australia ni mabinti wanaokimbizwa na mwindaji, na kote huko husemekana mmoja haonekani, kwa sababu macho ya kawaida huhesabu nyota sita. Mwanaastronomia Ray Norris na mwenzake walipendekeza mwaka 2020 kwamba simulizi ina umri wa miaka 100,000, enzi ambazo nyota mbili kati ya hizo zilikuwa zimeachana zaidi angani na saba zilihesabika. Inapendeza. Lakini ukitazama anga lilelile, kwetu Kilimia ni kalenda ya mvua: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hakuna binti wala mwindaji. Hiyo simulizi ya miaka laki moja ilipitia wapi kutoka Afrika bila kuacha mabinti pwani?

Binti Ndovu (#24)
Na msisahau Michael Witzel, aliyetoa kitabu 2012 na kugawa dunia mafungu mawili. Ulaya, Asia na Amerika ndiko kwenye hadithi kamili kuanzia uumbaji hadi kiama. Afrika kusini mwa Sahara, Australia na Melanesia tunaambiwa tuna vipande vya zamani visivyo na mpangilio huo. Nilipoisoma chuoni nilikuwa na hasira wiki nzima. Yaani masimulizi ya Wadogon, ya Wayoruba, ya Wamandinka yote ni vipande? Wanazuoni wenzake wamempinga kwa hilo, na sawa kabisa.

Msomi Njaa (#25)
Ukitafuta mfanano utaupata tu. Lord Raglan mwaka 1936 alitoa vipengele 22 vya maisha ya shujaa: mama ni bikira wa kifalme, anajaribiwa kuuawa utotoni, analelewa mbali, anafia kilimani, na kadhalika. Oedipus akapata 21. Raglan akahitimisha kwamba wenye alama nyingi hawakuwa watu halisi, walitokana na matambiko. Ndipo Francis Utley, mwaka 1965, akamfanyia Abraham Lincoln mtihani uleule. Akapata 22 kwa 22. Na Lincoln tuna picha zake.

Joseph Campbell naye, 1949, alifanya hivyohivyo na safari ya shujaa mmoja mwenye sura elfu. Watunga filamu wakampenda, wanafolklori wakamlaumu kwamba anachuma yanayomfaa na kuruka yasiyomfaa. Orodha ya #1 imechumwa vilevile. Hatujawataja mamia ya mashujaa waliokufa kawaida. Rostam mwenyewe alitumbukizwa shimoni na nduguye wa kambo, mashimo yenye mikuki iliyosimikwa. Hana kisigino.

Shangazi Mkali (#26)
Nduguye wa kambo. Asante kwa kuniongezea ushahidi.

Mzee wa Kona (#27)
Habari za humu. Mimi si msomi wa vitabu hivyo, nina jambo moja. Hizi hadithi zinasimuliwa na nani? Na walioshindwa. Mtu wenu mkubwa ameuawa, mtawaambia nini watoto? Kwamba adui alikuwa na nguvu kuliko sisi? Hapana. Mtasema asingewezekana kamwe, ni yule mwanamke, ni yule mtoto. Hakuna jeshi lililowahi kukiri kuzidiwa, siku zote limeuzwa.

Kalamu Kavu (#28)
Mzee, hiyo imeingia sana kwa Luanda Magere. Kwa Soumaoro inakwama: simulizi ile ni ya washindi, jeli wa Wamandinka, wale wasimulizi wa kurithi, ndio wanaoiimba. Mshindi ana haja gani ya kusema alishinda kwa kipi cha jogoo na ujanja wa dada?

Mzee wa Kona (#29)
Ana haja kubwa. Ukisema uliyemshinda alikuwa hauawi, umekuwa nani wewe?

Mgeni Njoo (#30)
Wanawake mashujaa wako wapi katika haya? Kila mwanamke hapa ni mtoa siri.

Binti Ndovu (#31)
Yupo Brünhild, kwenye utenzi huohuo wa Siegfried. Alikuwa akirusha mkuki na jiwe kuliko mwanamume yeyote, na usiku wa harusi alimfunga mumewe kwa mshipi akamtundika kwenye msumari ukutani mpaka asubuhi. Siegfried akaja kumsaidia mume gizani akiwa haonekani, akamshinda nguvu, akaondoka na pete na mshipi wake. Mume alipolala naye, nguvu zote zikamwisha. Kwa hiyo naye alikuwa na sehemu yake, ila angalieni wameiweka wapi.

Mdadisi77 (#32)
Sawa, nadharia zimekuwa nyingi kuliko mashujaa. Lakini nielezeni hili moja. Liyongo baada ya kuchomwa aliamka, akachukua upinde, akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akaupinda upinde na mshale ndani, akafa hivyohivyo. Watu wa mji walimwona wakadhani yu hai. Siku tatu hakuna aliyethubutu kuteka maji. Wakamwendea mama yake amsihi, mama akaja akaimba, wapi. Mwisho mwili ukaanguka wenyewe ndipo wakajua.

Cú Chulainn wa Ireland, amechomwa mkuki matumbo nje, alijifunga kwa mshipi kwenye jiwe lililosimama ili afe kwa miguu yake. Maadui wakamzunguka kwa mbali, hakuna aliyesogea, mpaka kunguru alipotua begani mwake ndipo wakajua. Maiti imesimama, silaha mkononi, adui anaogopa. Hapo hakuna kisigino wala siri. Msomi Njaa, huo nao ni ufundi wa kumaliza hadithi tu?

Msomi Njaa (#33)
Ni ufundi, tena wa hali ya juu. Tundu ulilotoboa limempunguzia shujaa hadhi, inabidi umrudishie. Unamfanya aogopwe hata akiwa maiti.

Shangazi Mkali (#34)
Au ni aibu ya mji. Mji uliokubali auawe, sasa unakufa kiu mbele ya maiti. Halafu walikwenda kumwomba mama wa waliyemuua! Na yule mwana naye hakupewa alichoahidiwa.

Nahodha Mstaafu (#35)
Ireland nako kuna bahari, nakumbusha tu.

Kipanga (#36)
Nahodha, wewe hata Talos ungempandisha jahazi.

Nahodha Mstaafu (#37)
Talos alikuwa akirusha mawe vyombo visitie nanga Krete. Wa kwanza kukataa wageni na hadithi zao, na mwishowe aliuawa na waliokuja na merikebu. Endeleeni kubisha.